Dawa kwa Saa, Si kwa Kilio

Somo la vikundi: Kumtuliza mgonjwa wa saratani anayetunzwa nyumbani



Somo la safari hii ni zito kidogo, lakini linahusu nyumba zetu wenyewe. Vijiji vingi vina mtu aliyerudishwa kutoka hospitali kubwa akiwa na saratani ambayo haiwezi kuponywa tena. Familia huambiwa, "Mpelekeni nyumbani mkamtunze." Sasa kumtunza ni kufanya nini, hasa maumivu yakizidi usiku wa manane? Hilo ndilo tutakalojifunza.

Someni somo hili kwa pamoja, sehemu baada ya sehemu. Anayesoma vizuri awasomee wengine, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni. Mkiona ni refu, ligawanyeni kwa mikutano miwili.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano wa nyumba kama zile tunazozijua. Mama mmoja wa miaka 60 ana saratani ya titi ambayo imeenea mpaka kwenye mifupa ya mgongo. Anatunzwa na mke wa mwanawe. Hospitalini walipewa chupa ya morfini ya maji na kuambiwa Mama anywe kila baada ya saa 4. Lakini huyu mke wa mwana anaiogopa ile dawa. Amesikia kwamba ni kali na kwamba mtu akiizoea haachi. Basi anaiweka juu ya kabati, akisema ataitoa Mama akishindwa kabisa.

Asubuhi jirani anapita.

"Mama, umeamkaje?"

"Sijambo, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

Jirani anakwenda zake akiwaambia watu kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Usiku, saa 8, Mama anauma leso ili wajukuu wasimsikie akilia. Hapo ndipo chupa inashushwa. Dawa ya kunywa huchukua kama nusu saa hivi kuanza kazi, na kwa mtu mwenye maumivu hiyo nusu saa ni ndefu. Mwishowe Mama anapata usingizi, chupa inarudi kabatini, na kesho mambo ni yale yale.

Katika nyumba hii hakuna mtu mbaya. Mke wa mwana anampenda Mama na anajitahidi mchana na usiku. Dawa iko. Kosa ni moja tu: dawa inangoja kilio.

1. MAUMIVU YA SARATANI YANA DAWA

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba saratani na maumivu makali lazima viende pamoja, na kwamba mgonjwa hana budi kuvumilia. Si kweli. Wagonjwa wengi wakipewa dawa zinazofaa, kwa njia inayofaa, maumivu hupungua kiasi cha kuweza kulala, kula kidogo na kuzungumza na watu wao.

Mwingereza aitwaye Cicely Saunders alikuwa nesi kabla ya kusomea udaktari. Akiwahudumia watu waliokaribia kufa, aliona kwamba mgonjwa akipewa morfini kwa saa zilizopangwa, kabla maumivu hayajarudi, hutulia kuliko yule anayepewa baada ya kulia. Mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's huko London, na mafundisho yake yakaenea duniani. Kwetu Kenya, Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990. Daktari Anne Merriman, aliyefanya kazi hapo mwanzoni, alikwenda Uganda mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda, ambako morfini ya maji ilipelekwa mpaka nyumbani kwa wagonjwa.

Hata hivyo njia imekuwa ndefu. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba ni hospitali 7 tu za serikali hapa Kenya, kati ya karibu 250, zilizokuwa na morfini ya kunywa. Tangu wakati huo vitengo vya kutuliza maumivu vimefunguliwa katika hospitali nyingi za kaunti na baadhi za misheni. Hospisi pia zipo, kwa mfano Nairobi, Nyeri, Meru, Eldoret na Kisumu. Kwa hiyo mkiambiwa "nendeni nyumbani", ulizeni swali moja kabla ya kutoka mlangoni: "Maumivu yakija, tutapata dawa wapi, na kwa nani?"

2. MUULIZE MGONJWA KWA VIDOLE VITANO

Sisi ukituuliza "Hujambo?" tunajibu "Sijambo" hata kama nyumba inaungua. Ni adabu zetu, na ni adabu nzuri. Lakini kwa mgonjwa salamu haitoshi. Baada ya kusalimiana, muulize swali la pili kwa kutumia mkono:

- Ngumi iliyofungwa: hakuna maumivu.
- Kidole 1: maumivu kidogo.
- Vidole 2 au 3: maumivu ya kati, yanamsumbua.
- Vidole 4: maumivu makali.
- Vidole 5: maumivu makali kupita yote.

Mwambie, "Mama, nionyeshe kwa vidole." Anayejua maumivu ni mgonjwa mwenyewe. Usimwambie "hayo ni kidogo" kwa kuwa hajalia. Wengine hunyamaza kwa sababu hawataki kuwasumbua watoto wao. Wanaume wengi hunyamaza kwa kuona aibu. Kama mgonjwa hawezi kusema, mtazame uso: je, amekunja kipaji? Anaguna akigeuzwa? Amekataa chakula?

Uliza pia yako wapi na yanafananaje. Maumivu ya kuwaka kama moto au kupiga kama umeme mara nyingi hutoka kwenye mishipa ya fahamu, nayo yana dawa zake nyingine. Maumivu ya mfupa huongezeka mtu akijigeuza. Haya yanaweza kupungua kwa matibabu ya mionzi, wakati mwingine hata ya siku moja tu. Yote haya mwelezeni nesi au daktari.

3. NGAZI YA DAWA

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaofananisha dawa za maumivu na ngazi yenye vipago vitatu.

Kipago cha kwanza ni dawa kama parasetamoli, ile wengi wanaiita Panadol. Mtu mzima huweza kupewa vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, lakini visizidi 8 kwa siku nzima. Aliyekonda sana au mwenye ugonjwa wa ini apewe vichache kwa ushauri wa nesi. Ibuprofeni nayo iko hapa. Isinywewe na tumbo tupu, wala asipewe mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo.

Kipago cha pili ni dawa kama kodeini na tramadoli, ambazo huandikwa na daktari.

Kipago cha tatu ni morfini.

Ngazi hii ni ya kuongoza, haifungi mtu. Mwongozo mpya wa mwaka 2018 unasema kila mgonjwa atazamwe kivyake. Mwenye maumivu ya vidole vitano halazimiki kuanzia chini. Daktari anaweza kumwanzishia morfini mara moja. Na mgonjwa anayetumia morfini anaweza kuambiwa aendelee na parasetamoli pia, kwa kuwa zinasaidiana.

4. SAA NDIYO MSINGI

Morfini ya maji hukaa mwilini kama saa 4, kisha nguvu yake huisha. Ndiyo sababu hutolewa kila baada ya saa 4, mgonjwa awe anaumwa au haumwi. Akisema "sasa hivi siumwi", ujue ni dawa inafanya kazi. Usiiruke.

Ratiba ya kawaida ni hii:

- Saa 12 asubuhi
- Saa 4 asubuhi
- Saa 8 mchana
- Saa 12 jioni
- Saa 4 usiku

Mara nyingi ile ya saa 4 usiku huandikwa mara mbili ya kipimo cha mchana ili mgonjwa alale mpaka asubuhi bila kuamshwa. Fanyeni hivyo tu kama hospitali imeandika hivyo.

Kama hakuna saa nyumbani, tegesheni kengele ya simu, au sikilizeni redio ambayo hutaja saa kabla ya habari. Dawa ipimwe kwa sirinji isiyo na sindano au kikombe cha kupimia kilichotoka hospitali. Vijiko vya nyumbani havilingani. Tena morfini ya maji si ya nguvu moja. Chupa ya huyu inaweza kuwa kali mara nyingi kuliko ya yule. Kwa hiyo msikopeshane dawa, wala kipimo cha mgonjwa mmoja kisitumiwe kwa mwingine.

Je, maumivu yakirudi kabla ya saa kufika? Muulizeni nesi mapema kipimo cha ziada ni kiasi gani, kiandikwe. Mkikitoa, andikeni saa. Kisha ile dawa ya ratiba itolewe kwa saa yake kama kawaida. Mkijikuta mnatoa ya ziada mara kwa mara, rudini hospitali. Huenda kipimo kinahitaji kuongezwa. Msiongeze wenyewe.

5. MANENO YANAYOTUTIA HOFU

"Morfini ni dawa ya kufa." Hapana. Kinachomuua mgonjwa ni ugonjwa. Morfini ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo. Wengine huitumia kwa miezi mingi wakiendelea na shughuli ndogo ndogo. Wengi huiona ni dawa ya kufa kwa sababu mtu wao alianzishwa akiwa amebakiza siku mbili tu.

"Atakuwa mraibu." Ni nadra kwa mgonjwa anayeitumia kwa maumivu ya saratani kama alivyoelekezwa. Mwili huizoea, ndiyo, na kwa sababu hiyo isikatwe ghafla. Lakini kuzoea kwa mwili si sawa na tamaa ya mlevi.

"Tukiitumia sasa haitafanya kazi baadaye." Kipimo huweza kuongezwa kadiri ugonjwa unavyoongezeka. Hakuna haja ya kumwekea Mama nafuu ya kesho huku anateseka leo.

"Kutumia dawa ni kukosa imani." Jamani, Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na yule Msamaria mwema alianza na majeraha: alitia mafuta na divai, akafunga, akampandisha mnyama wake. Tuombe, na tukiomba tuangalie saa.

6. MAMBO AMBAYO MORFINI HULETA

Tumbo kufunga. Hili huwapata karibu wote, na haliishi lenyewe. Dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili au sena, huandikwa pamoja na morfini tangu siku ya kwanza. Msipopewa, ulizeni. Mpeni maji, uji na papai kama anaweza kula. Siku 3 zikipita bila choo, mwarifuni nesi.

Kichefuchefu. Huweza kuwapo siku chache za kwanza, kisha hupungua. Kuna dawa yake.

Usingizi. Siku 2 au 3 za kwanza mgonjwa anaweza kulala sana. Mara nyingine ni uchovu wa usiku mwingi asiolala. Akiamshwa anaamka na kuongea vizuri, msiogope.

Mdomo kukauka. Mpeni maji kidogo kidogo, na msafisheni mdomo kwa kitambaa laini.

7. DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

- Mgonjwa haamki akiitwa na kutikiswa, anapumua polepole sana, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Msimpe dawa nyingine; tafuteni msaada mara moja.
- Anaona vitu visivyokuwepo au viungo vinarukaruka.
- Miguu imekosa nguvu au imekufa ganzi ghafla, au hawezi tena kukojoa wala kuzuia choo. Kwa mgonjwa ambaye saratani imefika mgongoni, hii ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mkichelewa anaweza asitembee tena.
- Anatokwa na damu nyingi.

8. MIKONO YETU PIA NI DAWA

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, polepole, watu wawili wakishirikiana. Wekeni mto au nguo iliyokunjwa kati ya magoti na chini ya mgongo. Kama anapenda, msugueni mikono na miguu kwa mafuta, lakini msisugue palipo na uvimbe. Kabla ya kumwogesha au kumsafisha kidonda, ulizeni nesi kama mnaweza kumpa dawa nusu saa mapema.

Kidonda cha saratani kikinuka, mgonjwa huumia pia kwa aibu. Kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Muulizeni nesi kuhusu unga wa vidonge vya metronidazoli, ambao hunyunyizwa kwenye kidonda kupunguza harufu. Na wanaomtembelea wasizibe pua mbele yake.

Kuna maumivu mengine ambayo chupa haifiki. Huyu Mama anawaza: nani atalipa karo ya mjukuu? Shamba litagawanywaje? Dada yangu niliyekosana naye, atakuja? Cicely Saunders alifundisha kwamba mwili, moyo, familia na imani huumia pamoja, na usipogusa vyote hujamtuliza mtu. Kwa hiyo keti. Sikiliza bila kukimbilia kuhubiri. Kama anataka mchungaji, aitwe. Kama anataka dada, atafutwe.

9. KAZI YA KIKUNDI

Mtu mmoja hawezi kuangalia saa mchana na usiku kwa miezi. Hapo ndipo kikundi kinapoingia. Mnajua kupanga zamu za kulima na za mzunguko wa pesa. Pangeni na hizi:

a) Zamu ya saa. Watu wawili watatu wa karibu wafundishwe na nesi kupima dawa. Kila mmoja achukue siku zake, ili anayemtunza alale hata usiku mmoja.

b) Daftari. Kila dawa inapotolewa, andikeni tarehe, saa, kiasi, vidole kabla, vidole baada ya saa moja, na siku aliyopata choo. Daftari hili likifika hospitali linamsaidia daktari kuliko maneno mengi.

c) Nauli. Tengeni kiasi katika hazina ya kikundi. Dawa ikibaki ya siku 5, mtu awe njiani. Ulizeni hospitali mapema kama ndugu anaweza kuichukua akiwa na kadi na daftari bila kumsafirisha mgonjwa.

d) Usalama. Morfini inalindwa na sheria. Iwekwe kwenye sanduku lenye kufuli, mbali na watoto. Isiuzwe wala kugawiwa. Mgonjwa akifariki, iliyobaki irudishwe hospitali.

e) Anayetunza. Mpelekeeni kuni, maji, na nafasi ya kwenda sokoni au kanisani. Naye muulizeni vidole.

TURUDI KWENYE ILE NYUMBA

Sasa tuseme kikundi kimesoma somo hili. Mwenyekiti na mwanachama mmoja wanakwenda kwa Mama. Baada ya salamu mwenyekiti anasema, "Mama, nionyeshe kwa vidole." Mama anatazama mlangoni kama wajukuu wako mbali. Kisha anainua mkono wote: vitano.

Mke wa mwanawe anaanza kulia. "Mbona hukuniambia, Mama?"

"Nilikuona umechoka, mwanangu."

Chupa inashushwa kabatini, haipandishwi tena. Wanampigia simu nesi, anawaelekeza waanze upya kwa kipimo kile kile kilichoandikwa, ila sasa kwa saa. Nesi anawauliza pia kama Mama amepata choo, na kumbe ile dawa ya kulainisha haikununuliwa. Siku ya tatu anaonyesha vidole viwili. Saratani haijapona, na Mama anajua hivyo. Lakini amelala usiku, na asubuhi amemtuma mjukuu amwite dada yake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, nani anatunza mgonjwa wa saratani sasa? Nani amemtembelea mwezi huu?
2. Ni maneno gani ya hofu kuhusu morfini tumeyasikia? Tutayajibuje?
3. Hospitali au hospisi iliyo karibu nasi yenye morfini ni ipi? Nauli ni kiasi gani? Nani atakwenda kuuliza?
4. Kwa nini mgonjwa anaweza kusema "sijambo" huku anaumwa?

ZOEZI

Wawili wawili, mmoja awe mgonjwa na mwingine mgeni. Salimianeni kama kawaida, kisha ulizeni kwa vidole. Baadaye kila mtu aandike zile saa tano za dawa bila kutazama somo. Kabla ya kuachana, chagueni watu wawili wa kumwalika nesi wa dispensari aje awaonyeshe kupima dawa kwa sirinji.

Bwana aibariki mikono yenu, na awape wagonjwa wetu usiku wa usingizi.